Tulikaza Bolti Gari Likiwa Hewani

Jumanne iliyopita tulimzika Nzeyimana kule Kiruruma, na mimi niliondoka msibani kabla chakula hakijapakuliwa. Kwetu huo ni utovu wa adabu, najua, maana nimewasema wengi kwa kosa hilohilo. Lakini ningebaki ningetoa neno ambalo mjane hakustahili kulisikia mbele ya kaburi bichi. Kilichoniondoa ni sentensi moja. Kijana aliyepewa kazi ya kusoma historia ya marehemu alisoma vizuri tu, sauti yake nzuri, karatasi ameishika kwa mikono miwili, na alipofika kwenye kazi akasema marehemu alikuwa dereva wa zahanati, baadaye akaacha udereva kwa hiari yake na kurudi kwenye migomba yake. Kwa hiari yake! Nikatazama kushoto na kulia chini ya turubai nione kama kuna aliyeshtuka. Hakuna. Wazee waliokuwepo mwaka ule, wanaojua kama ninavyojua mimi, waliitikia kwa vichwa, na mmoja wao alikuwa anachokonoa meno. Kijana simlaumu, mwaka ule alikuwa hajazaliwa. Nawalaumu waliomwandikia. Uongo ukishasomwa kaburini, kesho ndiyo historia, na keshokutwa wajukuu wa marehemu watakuambia wewe ndiye mwongo. Basi na mimi naandika ya kwangu, na atakayeudhika aniletee hasira zake gerejini, nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Ya nani alinizaa na tulikuwa wangapi nyumbani nayaacha, hayahusiki. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti kwenye bahasha, na nilipata kazi kwenye gereji ya Mzee Byarugaba pale Omurushaka, upande wa barabara iendayo Kyerwa. Lami ilikuwa bado hadithi. Gereji ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa oili, banda la mabati upande mmoja, na nyuma ya banda chumba kimoja kilichokuwa stoo, ofisi na jiko kwa pamoja. Humo ndimo tulimokula mchana. Mama aliyetupikia aliweka sufuria ya ebitoke katikati ya shokapu mbovu na makopo ya grisi, ndizi zimechanganywa na maharage na dagaa, zimefunikwa kwa jani la mgomba, na mvuke wake ulikuwa unashindana na harufu ya petroli. Mzee Byarugaba alijipakulia kwanza, kisha vijana wawili wa matairi, kisha mimi, ingawa ni mimi peke yangu niliyekuwa na cheti. Sikulalamika. Nilikuwa nimefurahi mno kuwa na ovaroli lenye mifuko, na nilikuwa najua kwamba mlango wa kutokea ni uleule niliouingilia. Wateja walikuwa wakiniona nimelala chini ya gari wanainama kuchungulia, halafu wanamuuliza mzee, huyu binti anatafuta nini huko? Mzee anacheka, anawaambia anatafuta mchumba.

Kazi iliyompa Mzee Byarugaba jina ilikuwa ya kunyanyua magari. Mtu wa leo anayepita kwenye lami hatajua. Barabara zetu wakati wa mvua zilikuwa zinachimbwa na malori ya ndizi, yanaacha mitaro miwili ya matairi na katikati tuta gumu, na gari dogo likiingia humo linasugua tumbo mpaka linapasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo kila aliyenunua gari dogo kutoka mjini alilileta kwa Byarugaba likanyanyuliwe. Alikuwa anachomelea mwenyewe pete nene za chuma, tunaziita spesa, anaziweka juu ya springi, na gari linasimama kwa vidole kama kuku aliyeona nyoka. Watu walilipenda sana hilo. Kijana akitaka kuoa ananyanyua gari kwanza. Padri alinyanyua, mchungaji alinyanyua, mnunuzi wa kahawa alinyanyua mara mbili, na mzee akapata msemo wake kwamba gari la Byaru halilambi tope. Kweli halikulamba. Mengine yote lilifanya.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na asiyejali magari anivumilie, maana bila hili hataona walichomfanyia yule mtu. Gurudumu halishikiliwi kwenye gari kwa maombi. Kuna mkono wa chuma, sisi tunauita amu, upande mmoja umeshika gurudumu, upande wa pili umeshika fremu, na unapanda na kushuka kila gurudumu linapokutana na jiwe au shimo. Pale amu inaposhikana na fremu kuna mpira mzito ndani ya pete ya chuma, na huo ndio bushi. Wengi wanadhani bushi inazunguka kama bawaba ya mlango. Haizunguki. Bolti imeibana katikati, kwa hiyo amu ikipanda mpira unajinyonga kidogo, ikishuka unarudi, na huko kujinyonga na kurudi ndiko kunakomfanya abiria asisikie kila kokoto mgongoni. Sasa ukikaza bolti ile wakati gari liko juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, mpira unabanwa ukiwa katika hali ya kuning'inia, na hiyo ndiyo inakuwa mapumziko yake. Ukilishusha gari chini umeshaunyonga kabla safari haijaanza. Ni kama kumlaza mtu shingo imepinda, halafu asubuhi umwambie akabebe mkungu. Kwanza gari linakuwa gumu, mpira hauna tena pa kwenda. Baada ya wiki chache mpira unachanika, na bushi ikichanika, ukikanyaga breki gurudumu la upande ule linarudi nyuma na gari linavuta. Ongeza na zile spesa: amu iliyotakiwa kulala karibu sawa na ardhi sasa imeelekea chini, na kila gurudumu likipanda jiwe linasukumwa na pembeni pia, dereva anashinda anapigana na usukani. Dawa yake ni ndogo mpaka inakera. Unashusha gari, magurudumu yanakanyaga ardhi, ndipo unakaza.

Chuoni nilifundishwa hivyo, na siku ya kwanza nilipomwona Mzee Byarugaba anakaza gari likiwa hewani nilimwambia, kwa heshima zote, na shikamoo juu yake. Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Kisha akacheka, akawaita vijana wa matairi waje wamwone profesa. Sababu ya kukaza hewani haikuwa siri. Hatukuwa na shimo la kuingia chini ya gari, na gari likishashuka, kukaza maana yake ni kulala kifudifudi au chali kwenye tope, spana inazunguka robo kwa robo, na jeki ilikuwa moja, inasubiriwa na gari lingine. Mvua inanyesha, nani alale kwenye tope kwa ajili ya bolti ambayo haionekani? Mzee alikuwa na neno lake, kwamba bolti ni bolti, ikikazwa imekazwa. Nilibishana naye siku mbili. Siku ya tatu nilikaza hewani kama wenzangu. Naliandika hili bila kulipaka asali: nilijua, na nilikaza.

Gari la zahanati lilikuja msimu wa senene. Nakumbuka kwa sababu chumba cha nyuma kilikuwa kinanuka senene wa kukaanga na vijana walikuwa wanagombania sahani. Lilikuwa stesheni wagoni jeupe, la zahanati moja ya kanisa kule upande wa Nyabiyonza, na dereva wake alikuwa Nzeyimana, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mkimya, anayepangusa viatu kabla ya kuingia garini hata kama gari lenyewe ni chafu. Nyuma alikuwa ameondoa kiti na kuweka godoro kwa ajili ya kina mama wajawazito, na godoro lile alikuwa analifulia foronya mwenyewe. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, yeye kitovu chake kimezikwa Kiruruma. Pombe hakugusa. Kwenye harusi watu wanapitishiana rubisi, yeye anaomba uji wa ulezi, na walikuwa wanamtania kwamba amebatizwa mpaka tumbo. Tofauti na wateja wote, yeye alipoinama kunichungulia chini ya gari hakuuliza natafuta nini. Alisema, "Pole na kazi, fundi." Hakuna aliyewahi kuniita fundi pale. Siku ile niliweka bushi mpya za mbele, mzee akaweka spesa zake, na bolti nilizikaza mimi, kwa mikono yangu hii, magurudumu yakining'inia.

Alirudi kabla ya Krismasi. Alimweleza mzee, taratibu, kwamba kina mama wanalalamika, gari limekuwa gumu kama kigoda, na njiani linachagua njia lenyewe. Mzee akamwambia gari halina neno, mikono yake ndiyo migumu. Akaondoka. Akarudi mara ya pili baada ya sikukuu, akasema sasa akigusa breki linavuta kushoto. Nikaingia chini kabla mzee hajaniambia niingie, na nikaona. Mpira wa bushi ya kushoto ulikuwa umeachana na chuma chake nusu nzima, haujatimiza hata miezi miwili. Nikamwita mzee pembeni, nikamwambia. Akasema bushi za siku hizi ni za bandia, zikija nyingine tutamwita. Nikamwambia si bushi, ni namna tulivyokaza. Akanijibu kwamba nikitaka kufungua gereji yangu milango iko wazi, ila hapa kwake atakayesema kwa mteja kwamba tunaharibu magari atarudi kwao na bahasha yake. Mara ya tatu Nzeyimana alipokuja mzee hakunyanyuka hata kwenye kigoda. Alimwambia kupitia dirishani kwamba kuna kazi nyingi, aje wiki ijayo. Mimi nilikuwa nimeshika spana namba kumi na saba, nikajifanya hamnazo, nikaendelea na gari la mtu mwingine.

Wiki ijayo haikufika. Siku ya Ijumaa, mchana kweupe, mvua imeacha tu kunyesha, alikuwa anampeleka hospitali mama mmoja wa Kiruruma anaitwa Winfrida, uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya. Kwenye mteremko wa kuingia bondeni akakuta mtu na baiskeli imebeba mikungu mitatu katikati ya njia. Akagusa breki. Gari likavuta kushoto, likaingia mtaroni, likasimama kwenye mibuni ya watu. Winfrida alivunjika mfupa wa bega. Walimbeba kwa machela mpaka barabara kuu wakapata pikapu, na jioni ile alijifungua mtoto wa kiume, mzima, anayepiga kelele kama mwenye nyumba. Mungu alikuwa ameamka. Lakini watu waliokusanyika pale mtaroni walihitaji maelezo, na maelezo ya amu na bushi nani anayo? Mmoja akasema dereva amelewa. Habari ikafika Omurushaka kabla ya majeruhi, na kila kibanda ilichopita iliongezwa pombe, mpaka kwenye stendi Nzeyimana alikuwa amekunywa madebe mawili. Mtu anayeomba uji harusini! Wale waliokuwa wakimtania kwa uji ndio hao walioapa wamemnusa mdomo.

Gari lilikokotwa mpaka kwetu. Jumatatu nilikuwa nimelala chini yake juu ya kipande cha boksi, naangalia kilichovunjika, nikaona jozi mbili za miguu zinakuja: malapa ya Mzee Byarugaba, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa vya Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mwalimu mstaafu ambaye Karagwe nzima ilimheshimu na mimi pia. Hawakujua nipo. Mwenyekiti akauliza kama gari lilipotoka hapa lilikuwa zima. Mzee akasema lilikuwa zima kabisa, alilikagua mwenyewe. Mwenyekiti akasema basi kosa ni la dereva. Mzee akasema, kwa sauti ya kuchangamsha na neno letu la heshima, "Mwenyekiti, waitu, hawa waliokuja wanaendesha kama bado wanakimbia vita." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya mkubwa, hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo, walicheka kama watu wanaocheka jambo linalojulikana. Kisha Mwenyekiti akasema kwa Kinyambo kwamba kumpa omunyamahanga, mtu wa nchi nyingine, gari la kanisa lilikuwa kosa tangu mwanzo, na kwamba ana mpwa wake ana leseni. Na mimi nimelala pale, pua yangu shubiri moja kutoka kwenye bushi iliyochanika, mpira unaning'inia kama ulimi. Mtu ambaye kitovu chake kiko Kiruruma anaangushiwa jumba bovu, na jumba lenyewe nimelijenga mimi. Nilingoja viatu viondoke ndipo nikatoka.

Kikao kilikaa Alhamisi kwenye chumba cha kliniki cha zahanati. Mizani ya kupimia watoto ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vya wajumbe, ukuta wa nyuma una picha za chanjo, na chumba kizima kilikuwa kinanuka dawa ya kuoshea vidonda na makoti ya mvua. Mzee Byarugaba aliitwa kama fundi, akanichukua nimbebee begi la spana, kana kwamba angefungua kikao kwa spana. Alisema aliyosema: gari lilikuwa zima. Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Nzeyimana alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Hakulia wala hakutukana. Alisema, "Gari lilinivuta kushoto nilipogusa breki. Nimelisema gerejini mara tatu. Muulizeni fundi huyu, alilala chini yake akaona." Na akanielekezea mkono. Nyuso zote zikageuka. Mwenyekiti akavua miwani, akaniuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi wake, "Binti, gari lilikuwa na tatizo?" Nilimtazama Mzee Byarugaba. Alikuwa anaangalia begi la spana. Nikasema, "Mzee ndiye anayejua."

Nimeishi miaka mingi na maneno hayo matatu. Nimeyatafutia visingizio vyote: nilikuwa binti, ilikuwa kazi yangu ya kwanza, wangesema nini hata ningesema? Yote ni kweli na hayanisaidii. Maana nilimwona Nzeyimana anavyonitazama, bila hasira, kama dereva aliyekanyaga breki na breki haipo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akaupangusa kwenye shati, akauweka mezani. Kamati ikaandika kwamba ameachishwa kwa uzembe na ulevi. Hata daktari hakuitwa kumpima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tunavyosema, ila siku ile tulifanya la kwanza tukaishia hapo.

Jumamosi nilitembea mpaka kwake. Mke wake alinikaribisha jikoni, kwenye mkeka, moshi unapita kwenye majani ya paa, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama anavyoletewa mgeni wa heshima, na sikuweza kuimeza. Nilimwambia Nzeyimana kila kitu. Bushi, bolti, jeki, nani alikaza. Nilisema nikilia, na nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba machozi yangu yatakuwa malipo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya ndizi za mchana, maganda anayaweka upande mmoja. Kisha akaniuliza, "Kikao kilikuwa wapi?" Nikamwambia, zahanati. Akasema, "Hapa ni jikoni kwangu. Sina kamati hapa. Ulilolificha mbele ya watu, usije kulifichua nyuma ya nyumba." Mkewe akamwambia bambi, maskini, ni mtoto. Akasema si mtoto, ni fundi. Nikanyanyuka nikaondoka na kahawa mdomoni.

Kanisani kwao ibada ikiisha watu hawaondoki. Wanatoka nje, kuna mnada wa matoleo: mkungu, kuku, debe la maharage, waumini wanapandishiana bei huku wakitaniana, na baada ya mnada ni matangazo. Jumapili ile nilivaa ovaroli. Nilitaka wajue anayesema ni nani. Mnadishaji alipoweka chini mkungu mmoja na kabla hajanyanyua mwingine, nikapita mbele, na sikuomba ruhusa. Nikawaambia kwamba Nzeyimana hakulewa. Kwamba gari la zahanati lilinyanyuliwa mpaka amu zake zikaelekea chini vibaya, kwamba bolti za bushi zilikazwa gari likiwa hewani, kwamba aliyezikaza ni mimi, na kwamba dereva alisema mara tatu na sisi tukamfukuza mara tatu. Niliwaonyesha bushi yenyewe. Nilikuwa nimeifungua, nimeiweka mfukoni, nikaishika juu wote waione ilivyochanika. Winfrida alikuwepo, bega limefungwa, mtoto mgongoni mwa dada yake, akasema kwa sauti kwamba kweli, hakunusa pombe yoyote, na dereva alikuwa anamwimbia wimbo wa dini njia nzima. Nzeyimana alikuwa amesimama ukutani, nyuma kabisa. Mwenyekiti akasogea mbele, akanishukuru, hasa alinishukuru, akasema, "Tumekusikia, binti. Mambo ya kikao yana kikao chake. Tuendelee na mkungu." Na mnadishaji akanyanyua mkungu, na mtu akataja bei.

Nilijua kazi sina. Jumatatu nilienda kuchukua bahasha yangu, na hapo ndipo lilipotokea jambo linalonipandisha mori hata sasa nikiandika. Mzee Byarugaba hakunifukuza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenuna, ana karatasi ya kamati mkononi. Kamati ilikuwa imeandika kwa herufi nzuri za mwalimu kwamba gari la zahanati litolewe spesa, liwekewe bushi mpya, na bolti zikazwe magurudumu yakiwa chini. Magurudumu yakiwa chini! Maneno yangu, yaleyale, neno kwa neno. Ala, kumbe walinisikia. Waliniamini kila kitu kuhusu gari. Kama waliamini bolti zilikazwa vibaya, dereva alikosa nini? Kama dereva alikuwa mlevi, spesa za nini kuzitoa? Nilimuuliza mzee. Akasema, "Usiniulize mimi. Fanya ulivyosoma." Nikafanya. Nilitoa spesa, nikaweka bushi, nikaziacha bolti zimeshikwa kwa vidole tu, nikashusha gari, nikalitikisa mara tatu likae kwenye uzito wake, nikalala chali kwenye tope na kukaza robo kwa robo mpaka mikono ikafa ganzi. Ilinichukua mchana mzima na nililia muda wote. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya vizuri zaidi. Na aliyekuja kulichukua gari alikuwa mpwa wa Mwenyekiti.

Miezi miwili baadaye, siku ya soko pale Omurushaka, nilikuwa nimesimama kwa muuza maparachichi. Gari jeupe likapita taratibu kwenye mashimo, limetulia, halitikisi kichwa. Wanawake wawili wenye watoto mgongoni wakaliangalia, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba tangu wampate kijana huyu mtu anafika hospitali mgongo mzima. "Ana mikono laini," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa anaturusha kama magunia." Nikageuka niwajibu, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, na nikamwona Nzeyimana nyuma yao, ameshika baiskeli yenye mikungu miwili, amesikia yote. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba. Macho yake yalikuwa yanalifuata gari lile mpaka lilipopinda kwenye kona, anaangalia magurudumu ya mbele. Kisha akaniuliza, "Ulikaza magurudumu yakiwa chini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri. Kina mama watapumzika," akasukuma baiskeli yake akaondoka, na mpaka Jumanne tulipomzika hakuwahi kushika usukani tena.